Fundi Saa Aliyesoma Beji

Pale sokoni Silibwet, ukitaka kujua ni saa ngapi, ungemuuliza mtu yeyote isipokuwa Fundi Saa. Nyuma ya kiti chake kulikuwa na saa thelathini na ushei zimetundikwa kwa misumari, na kila moja ilikuwa na maoni yake. Moja inasema saa tatu, jirani yake saa nane kasorobo, na ile kubwa ya ukutani iliyoletwa na kanisa fulani ikasahaulika ilikuwa imeganda saa sita, na rais wa tatu sasa alikuwa anapita ikiwa hapo hapo. Yeye mwenyewe mkono wake ulikuwa mtupu. Ukimuuliza mbona havai saa, anakujibu, "Kwani daktari wa meno hutembea na meno ya watu mfukoni?" Halafu anarudi kwa kazi yake, na wewe unabaki hapo hujui kama umejibiwa au umetukanwa.

Alitoka wapi, alizaliwa na nani, alikuwa wa ngapi kwao, hayo tuwaachie wanaosoma wasifu kwa mazishi. Mimi nilimjua kama jirani wa kibanda. Miaka kumi na saba tuligawana ukuta mmoja wa mabati, yeye na saa zake, mimi na makoti yangu ya mitumba. Nauza makoti mazito peke yake. Watu wa nchi za joto wanaweza kunicheka, lakini nikipeleka makoti sokoni Londiani, njoo asubuhi ya mwezi wa saba, tuone kama utanicheka au utaniuliza bei.

Alikuwa mgumu, na nisiposema hivyo nitakuwa nadanganya. Mtu analeta saa ya marehemu baba yake, machozi yako tayari. Fundi anaifungua, anaipuliza, anaifunga. "Hii imekufa. Zika." Mama mmoja alilia mpaka wateja wangu wakaacha kujaribu makoti. Fundi akampa kiti, akamwagizia chai, akakaa naye karibu saa nzima akimuuliza habari za watoto. Maneno yake lakini hakubadilisha, saa ilikuwa imekufa tu.

Hiyo chai yeye hakuionja. Katika nchi ambayo ukisimama mlangoni unaona majani chai mpaka macho yachoke, huyu mzee alikunywa maji moto matupu, na sukari vijiko vinne. "Chai nimeiona ikikua," alisema, "nimeiona ikichunwa, nimeiona ikipanda lori. Tumeonana vya kutosha." Watu wa kiwanda cha chai walimwona kama msaliti, na mmoja wao aliacha kumsalimia kabisa.

Sasa mambo ya beji. Hayo yaliletwa na makoti yangu.

Ukifungua beli ya makoti ya zamani kutoka Ulaya, mara moja moja utapata koti la mzee aliyekufa huko, na kwenye kola kuna kitu kidogo cha chuma. Zamani nilikuwa nang'oa natupa, maana vinachoma wateja. Siku moja akaniona.

"Mama Makoti, unatupa nini hapo?"

"Takataka, Fundi."

"Hebu lete hiyo takataka."

Akakibana kile kioo chake kwenye jicho, kile cha kuangalia matumbo ya saa, akainama. Nikauza koti moja, nikauza la pili, bado ameinama. Mwishowe akainuka. "Hii si ya kanisa, si ya mpira, si ya shule. Hii ni ya vita. Lakini mwenyewe hakuwa askari."

"Alikuwa nani sasa?"

"Mtu wa kawaida aliyeambiwa angoje bomu."

Nilidhani jua limempiga, ingawa siku hiyo hakukuwa na jua. Lakini alinieleza, na baadaye niliona ni kweli. Vita ile kubwa ya pili ilipoanza, wazungu waliwapa watu wao wa kawaida, makarani, wauza maziwa, walimu, kazi ya kulinda mitaa. Huyu aangalie ndege, huyu apulize filimbi, huyu azime moto, yule abebe majeruhi. Sare zilikuwa bado hazijashonwa, kwa hivyo kila mmoja alipewa kibeji cha kuweka kwa kola, ili akikufokea uzime taa ujue ametumwa na serikali. Na mambo hayo hayakuishia kwao. Hata huku, kwa mashamba makubwa ya chai, mameneja waligawa beji kwa wafanyakazi wachache, wakangoja mabomu pamoja nao. Mabomu hayakujua njia ya Kericho, hayakuja.

Mtaniuliza alijuaje. Alikuwa na meza ya kazi aliyoinunua kutoka stoo ya shamba moja la chai, meza ya mbao nzito, na ndani ya droo mtu alikuwa ametandika karatasi. Karatasi yenyewe ilikuwa bango la wakati wa vita, limechorwa beji zote na alama zake, na maelezo ya Kiingereza chini ya kila moja. Elimu yake yote ilitoka kwa droo. Shida ni kwamba aliyetandika alilikata bango ili lienee, kwa hivyo Fundi alijua alama za upande wa kushoto tu. Mashoka mawili yaliyopishana, hao ni wazima moto. Herufi W, huyo ni mlinzi wa mtaa. Ndoo na bomba la mkono, huyo ni wa kumwagia maji bomu lisiwashe paa. Alama za upande wa kulia zilienda na makasi, na jambo hilo lilimuuma kila siku ya maisha yake.

Alikuwa na daftari la shule, na kila ukurasa aliugawa mara tatu. Hapa aliandika "Najua." Hapa, "Nadhani." Na hapa, "Mungu Anajua." Sehemu ya Mungu ndiyo iliyojaa haraka. Kulikuwa na ndege asiye na miguu, kulikuwa na kitu alichokiita sufuria yenye mabawa, na duara lenye nukta moja katikati ambalo lilimsumbua mwaka mzima, mpaka nikamwonyesha ni kifungo cha koti.

Kisha akaamua dunia ijue. Akamwita kijana mchoraji wa mabango, mtoto wa hapa hapa, akamwambia kwa mdomo maneno ya kuandika. Sasa sisi Wakipsigis hatuna ugomvi na B wala P, zote tunazikaribisha kwa kiti kimoja. Fundi alienda kunywa maji yake moto, akarudi, akakuta bango limekauka: NATAMBUA PEJI ZA ZAMANI.

Na watu wakaleta peji! Mzee mmoja akaleta peji ya Biblia iliyotoka, anataka kujua ni ya kitabu gani. Mama akaleta peji ya mtihani wa mwanawe, eti atambue kama alama zile zilikuwa za haki. Mwingine akaleta peji ya gazeti iliyofungia nyama. Nikamwambia, "Fundi, si ufute hilo bango?" Akasema watu wametembea kutoka mbali, hawezi kuwarudisha hivyo. Akabana kioo kwa jicho, akasoma kila peji, akatoa uamuzi. Ile ya Biblia ilikuwa ya Hesabu. Yule mtoto wa mtihani kweli alikuwa ameonewa kwa swali la saba, mama akaenda nayo shuleni akashinda.

Sasa niseme na ubaya wake, ambao pia ni wangu. Huyu mzee ambaye hangekudanganya juu ya saa hata ukimlilia, kwa makoti yangu alidanganya kama hana mbingu ya kwenda. Mteja akishika koti lenye beji, Fundi anatokeza kichwa kwa pengo la mabati. "Hilo koti unalijua wewe? Hilo limeokoa watoto kumi na wawili kwa moto." Mteja ananunua. Kuna mwanaume anaitwa Wesley alinunua koti lenye ile W. Fundi akamwambia koti limemngoja yeye tangu vita, kwani si limeandikwa jina lake? Siku ya soko iliyofuata Wesley alisimama katikati ya barabara anaelekeza magari, koti limefungwa mpaka shingoni, na magari yakamtii. Mwingine, shemasi kutoka Chepseon, alipata beji ya wabeba majeruhi. Tangu hapo mtu akianguka na pikipiki anapelekwa kwa shemasi kwanza, na maskini shemasi akiona damu anazirai.

Nilimuuliza siku moja, "Fundi, hizi hadithi huogopi?"

"Naogopa nini? Mwenye koti ni maiti, na mnunuzi anaona baridi. Nimemuumiza nani?"

Na biashara ilikuwa inaenda vizuri, kwa hivyo jibu sikulitafuta.

Basi ndio akaja Baba Mkubwa wangu, ndugu mkubwa wa marehemu baba, na kitambaa kimekunjwa mara nne.

Lazima mjue hali ilivyokuwa nyumbani. Babu yetu alifanya kazi kwa shamba la chai upande wa Kericho wakati wa vita. Alikufa mzee, mimi nikiwa darasa la tatu, na ninachokumbuka ni koti lake la Jumapili na beji iliyofungwa kwa waya kwenye kola. Kila mtoto wa boma aliijua hadithi yake. Siku moja ndege ilipita juu ya shamba, Babu akapuliza filimbi, watu mia tatu wakalala chini ya majani chai, wakaokoka. Kwamba ndege ile haikuangusha kitu, na kwamba yaelekea ilikuwa ya mgeni wa meneja, hayo hayakusemwa. Sasa Baba Mkubwa alikuwa ameunda kamati, na kamati imeamua Babu ajengewe jiwe la maana, limeandikwa SHUJAA WA VITA, na ile beji ichongwe juu yake kubwa kama sinia.

Mke wa kwanza wa Babu, aliyezaa Baba Mkubwa na baba yangu, alikufa baba yangu akiwa bado ananyonya. Huyo ndiye Kogo wetu, maana nyanya kwetu ni Kogo. Alizikwa kando ya ua, na nepia, ile nyasi ndefu ya malisho, ilishamea juu yake. Ng'ombe wakivunja ua wanalala pale pale. Mara mbili nilisimama kwa kamati nikasema, jamani, na Kogo je? Mara mbili nikaambiwa jiwe ni moja, na shujaa ni mmoja. Iliniuma sana. Mimi ndiye niliyepewa sura yake, wazee wote wanasema, na kila nikipita pale kwa nepia naona kama ni mimi nimelaliwa na ng'ombe.

Kilichomleta Baba Mkubwa kwa Fundi ni kwamba fundi wa mawe alikuwa amekataa kazi. Beji ilikuwa na taji juu, sawa, lakini chini ya taji kulikuwa na kitu kimechakaa, kina tumbo pana na shingo nyembamba. Baba Mkubwa alisema ni bomu la mkono. Wengine wakasema ni kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando. Fundi wa mawe aliona parachichi, akasema hawezi kuchonga parachichi kwa kaburi la shujaa, atachekwa mpaka Bomet mjini. Wakakubaliana aletewe neno la mtu anayejua.

"Funti," Baba Mkubwa akasema, akafungua kitambaa, "hii ni peji ya papa. Niandikie parua ya kusema ni ya shuchaa, na hiki ni pomu."

Nikamkonyeza Fundi kwa pengo la mabati. Nilimaanisha, andika tu, tumalize. Mzee mwenyewe ana miaka themanini, na makoti yangu yenyewe aliyadanganyia bure.

Fundi hakunitazama. Aligeuza beji, akaanza na mgongo, alivyofanya siku zote. Nyuma palikuwa pamejaa lami, maana pini ilikuwa imevunjika zamani na Babu akaisiliba lami ili ishike waya. Fundi akapitisha ukucha kwenye lami. Akapitisha tena.

"Mzee," akasema, "beji ya mwanaume ina mguu wa kuingia kwa tundu la kifungo. Hii ina bawaba ya pini. Pini walipewa wanawake, kwa sababu nguo zao hazina tundu kwa kola. Hii ni ya mwanamke."

Nikaona shingo ya Baba Mkubwa inavimba. "Papa yangu ni mwanamke?"

"Sijasema hivyo. Kaa chini. Nipe hadithi ya ile ndege."

Baba Mkubwa hawezi kukataa kutoa hadithi hiyo hata akiwa na hasira. Akakaa. Akaeleza ndege, akapuliza filimbi kwa vidole, akalaza watu mia tatu. "Wakalala. Wakalala mpaka chua likawa la mchana. Hakuna mtu anainua kichwa. Mpaka mama alipomaliza kukama, akaja akapika kengele, ndio watu wakaamka."

"Rudia hapo," Fundi akasema.

"Wapi?"

"Nani alipiga kengele?"

"Mama."

"Na kwa nini mama? Watu mia tatu wako chini, manyapara wako chini, meneja yuko chini. Hakuna mwingine wa kupiga?"

"Atapikaje mwingine?" Baba Mkubwa akashangaa. "Kengele si ilikuwa ya..."

Akanyamaza. Nilimjua huyo mzee maisha yangu yote, na sijawahi kumwona akinyamaza katikati ya hadithi hiyo. Miaka sabini amekuwa akiisimulia, na kengele iko ndani, na hakuwahi kuisikia.

Fundi akavuta droo, akaondoa vyuma na vipande vya saa, akatuonyesha bango lake. Pale makasi yalipopita, ukingoni kabisa, kulikuwa na kipini cha kitu, kipini tu, na neno moja na nusu la Kiingereza lililobaki. Akaweka beji kando yake. Kipini kilikuwa kile kile, na lile tumbo chini yake halikuwa bomu, lilikuwa kengele.

"Hii nilikuwa nimeiandika kwa Mungu Anajua," akasema. "Hapa wanasema hatari imepita. Kulikuwa na mtu wa kupuliza filimbi, na mtu mwingine wa kupiga kengele ya mkono, watu wajue wako salama. Bila yeye hakuna kuamka. Baba yako alilaza watu, Mzee. Mama yako ndiye aliwaamsha."

"Baada ya kukama," nikasema. Ilinitoka tu.

"Ng'ombe haachwi nusu," Baba Mkubwa akajibu kwa ukali, akimtetea mama yake kwa mara ya kwanza ambayo nimewahi kusikia.

Lakini alikuwa bado na swali, na aliliuliza akiangalia chini. Kama ni ya mama, mbona papa aliivaa? Fundi alifikiri. Akasema hilo halimo kwa bango. Akasema yeye anajua tu kwamba pini ilivunjika, na mwanaume akatafuta lami na waya ili aendelee kuivaa, na akaivaa mpaka kufa, wakati beji yake mwenyewe hakuna anayejua ilienda wapi. Baba Mkubwa akasimama, akaenda zake bila kuaga, na beji akaiacha juu ya meza.

Nilimgeukia Fundi nikiwa nimekasirika, maana mimi ndiye ningekutana na kamati jioni hiyo. "Wewe ulimwambia Wesley koti limeandikwa jina lake! Mzee wangu ndio umeona wa kuambiwa ukweli?"

"Wale walikuwa wananunua koti," akasema. "Huyu anataka kuandika kwa jiwe."

Kamati iligawanyika vibaya. Wengine walisema haiwezekani watu walazwe chini na mwanaume halafu waamshwe na mwanamke, haikai vizuri kwa jiwe. Mmoja akapendekeza kuchonga parachichi tu, kila mtu ajionee mwenyewe. Baba Mkubwa hakufika kwa mkutano wiki tatu. Siku moja nikamkuta kando ya ua na panga, ameshafyeka nepia yote, anatoa jasho. Akaniambia jiwe litabaki moja, lakini litakuwa la watu wawili, filimbi upande huu na kengele upande ule, na asiyetaka aende akaunde kamati yake. Nilimkumbatia na panga lake mkononi.

Hapo ndipo tulipogonga ukuta. Fundi wa mawe alisema sawa, nipeni majina. La Babu tukampa. La Kogo hakuna aliyelijua.

Mtatucheka, chekeni. Alikufa kijana, kabla ya wanawake kupewa vitambulisho. Watu walimwita mama wa fulani. Babu alioa tena, na yule nyanya wa pili hakuwa mtu wa kutajiwa jina la mwenzake. Watu wa kwao walihama. Nilitembea mwezi mzima kwa bibi vikongwe, mpaka Londiani nilifika nikiwa sijabeba hata koti moja. Wote walimkumbuka. Alikuwa mrefu, alicheka sana, alikuwa na kengele. Jina? "Aa, tulimwita tu mama ya ule mtoto." Baba Mkubwa akasema basi liandikwe MAMA. Fundi wa mawe akauliza, mama nani? Baba Mkubwa alitoka nje akakaa na mbwa.

Wakati huo Fundi Saa alikuwa amefunga kibanda. Macho yalikuwa yamemwisha, na miguu ikafuata. Nilienda kumwona nyumbani kwake juu ya kilima, nikiwa na sukari na koti zito, moja lisilo na hadithi yoyote. Nilimkuta amekaa mlangoni, blanketi magotini, na mkebe wa mafuta taa chini ya kiti. Mkononi ana mswaki, na kwenye kiganja ile beji yetu. Nilikuwa nimesahau kwamba iko kwake.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, Fundi. Mama Makoti."

"Umechelewa," akasema, yeye ambaye hakuwahi kujua saa. "Lami hii imenichosha. Kila siku natoa kidogo. Sasa imeisha, na nyuma hapa kuna mikwaruzo. Nilidhani kutu, lakini kutu haina mistari iliyonyooka. Sioni. Shika kioo, bana kwa jicho, usikunje uso namna hiyo."

Miaka kumi na saba sikuwa nimewahi kukigusa kioo kile. Mara ya kwanza kilianguka, mara ya pili kikakaa. Mwanzoni niliona kope zangu tu. Kisha chuma kikaja karibu, chekundu chekundu, na ndani yake kuna mistari, mtu amechora kwa msumari. T. Halafu A. Fundi akanishika kiwiko. P. K. I. G. E. Na herufi ya mwisho ikanishinda, nikaigeuza hivi na hivi.

"Ya mwisho iko vipi?"

"Ni N, lakini imeangalia nyuma. Mstari wa katikati unapanda badala ya kushuka."

"Soma yote."

"Tapkigen," nikasema. Nikasema tena kwa sauti, pale mlangoni, na nikalia kama mtoto. Kwetu hilo ni jina la msichana aliyengojewa sana.

Fundi aliniacha nilie. Kisha akasema polepole, akihesabu kwa vidole. Karani wa shamba angeandika vizuri. Mzungu hangeandika kwa msumari. Mwanaume angeandika jina lake mwenyewe. "Anayegeuza N," akasema, "ni mtu ambaye ndio anajifunza. Ameandika mwenyewe."

Sisi nyumbani tuliambiwa Kogo hakujua hata kushika kalamu. Tuliambiwa hivyo kila mara, na hakuna aliyeuliza nani aliyesema.

Nikapiga picha kwa simu, nikamtumia Baba Mkubwa, nikamtumia fundi wa mawe. Baba Mkubwa alipiga kwanza. Sikusikia maneno, nilisikia tu akipumua, na mbwa akibweka. Baadaye akasema, "Tapkigen. Ndio maana aliwangochesha mpaka mchana," akacheka, na kicheko kikamgeukia kikawa kitu kingine, akakata simu.

Halafu akapiga fundi wa mawe. Nikaiweka kwa spika ili Fundi asikie.

"Mama, picha nimeiona. Nitachonga vile vile ilivyo, kwa mwandiko wake, itatoka poa sana. Lakini hii herufi ya mwisho imegeuka. Si ninyooshe? Watu wataona nilikuwa nimelewa."

Kabla sijafungua mdomo, Fundi Saa alikuwa amenipokonya simu. Alipapasa mpaka akapata pa kuongelea, akaishika kwa mikono yote miwili.

"Wewe kijana," akasema, "usiguse."